Kibati cha Bibi

Mlinzi alikuwa katika siku ya nne mahabusu na bado hajasema neno la kumsaidia mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Ijumaa uliingia zamu saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni, afande."

"Funguo za banda la ndege alikuwa nazo nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mimi peke yangu, mpaka asubuhi."

"Asubuhi kibati hakipo."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na wewe unasemaje?"

"Sina la kusema, afande."

Kwenye makaratasi aliyekuwa akimhoji aliitwa Inspekta, lakini kituo kizima kilimwita Bi Shaka, na alijua. Ukimwekea sukari kwenye chai yake alikuuliza nani amekutuma. Miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba waongo hujieleza mpaka mate yanawakauka. Huyu wa leo hakujieleza hata kidogo. Alikaa na mikono yake juu ya meza, ametulia kama mtu aliyeambiwa shika hiki nakuja.

"Kesho saa tatu unapandishwa mahakamani," Bi Shaka alimwambia. "Mkurugenzi wa makumbusho ameandika barua kwamba kibati ni mali ya taifa. Hilo si la faini ukarudi nyumbani ukaoga. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mkeo anaelewa?"

Hapo tu mlinzi alikohoa, akageuka kutazama ukuta. "Mwambieni asije kukaa kwenye lile benchi," alisema. "Ana mimba ya miezi saba."

Bi Shaka alifunga jalada. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye alitaka kujua mshindo huo uko wapi kabla ya saa tatu ya kesho.

*

Ndege yenyewe iliitwa Bibi. Ilikuwa ya bati tupu toka pua hadi mkia, injini mbili, viti kumi na vinne, imeundwa zaidi ya miaka themanini iliyopita na haijapakwa rangi hata siku moja. Kila Jumamosi watu wazima wenye kazi zao na heshima zao walikuja na vitambaa na kuing'arisha bure, mpaka mtu akisimama ubavuni mwake anaona vizuri kama hajanyoa. Zilikuwepo ndege nyingine tano bandani, lakini hizo zilifutwa vumbi tu. Bibi alisuguliwa.

Mkurugenzi alimpokea Bi Shaka mlangoni akiwa na simu katika kila mkono.

"Mmekipata?"

"Habari za asubuhi."

"Samahani. Nzuri. Mmekipata?"

"Bado. Nieleze tena, na polepole, kwa nini kibati kisichozidi kiganja kinakunyima usingizi."

Akaeleza. Makumbusho makubwa ya ng'ambo yalikuwa yamekubali kumchukua Bibi kwa mkopo wa miaka ishirini. Kibali cha kumsafirisha kilikuwa tayari, na kilikuwa kinakwisha Ijumaa saa kumi na moja jioni. Jumamosi iliyopita mkaguzi wa mizigo alikuja kulinganisha namba ya kwenye kibali na namba ya kwenye kibati kilichokuwa nyuma ya kiti cha rubani. Akakuta matundu manne na ukuta.

"Ndege bila kibati ni sawa na mtu bila kitambulisho," Mkurugenzi alisema. "Haipandi meli. Na kesho mafundi wanakuja kufungua mabawa."

"Kibali kikiisha huombi kingine?"

"Kingine ni mwaka mzima, na wenzetu hawangoji. Wana ndege nyingine wanayoitolea macho."

"Kwa hiyo kuna mtu hataki iende."

"Nani?" Mkurugenzi alicheka kicheko kifupi. "Njoo uone." Akamwonyesha ndoo saba zilizopangwa chini ya bawa la kulia. "Mvua ikinyesha, hii ndiyo hifadhi yetu. Kule atakaa kwenye hewa kavu, ana daktari wake. Anayempenda Bibi anataka aende. Aliyeiba ni mwizi tu, afande. Vibati hivi vina soko, kuna watu wanavikusanya kama stempu. Mlinzi alikuwa na funguo. Mbaneni aseme ameuza wapi."

Bi Shaka aliandika kwenye daftari lake kwamba Mkurugenzi ameulizia kibati mara mbili na hajaulizia hali ya mlinzi hata mara moja. Akapiga mstari chini yake. Haikuwa hatia, lakini alipenda kuwa nayo.

Ubavuni mwa Bibi, juu ya ngazi fupi, mzee mmoja alikuwa akisugua bati kwa kitambaa cheupe. Huyu ndiye waliyemwita Fundi Ribiti, kwa sababu ya zile pini ndogo za bati zinazoshikilia ngozi ya ndege, ambazo inasemekana alizifahamu moja moja. Alikuwa ameshughulikia ndege hiyo kwa miaka arobaini na moja. Alishuka ngazi kwa heshima, akafuta mkono kabla ya kuutoa.

"Mlinzi ni nani wako, mzee?"

"Mkwe wangu. Ameoa binti yangu, yule wa stoo."

"Kumbe hapa ni ukoo mzima."

"Mshahara wa hapa hauvutii wageni, mama."

"Ameiba?"

Fundi alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Ninyi polisi ndio mnaojua."

"Nakuuliza wewe. Umemwoza mtoto wako."

"Ni kijana mzuri," mzee alisema. "Ataachiwa tu. Mtu hafungwi bila ushahidi." Kisha akarudi juu ya ngazi kabla hajaambiwa maongezi yamekwisha.

Bi Shaka alibaki akimtazama visigino. Alishawaona baba wakwe wa kila aina kituoni. Kuna wanaolia, kuna wanaotukana, na kuna waliokuja na mwanasheria. Anayesugua bati ilikuwa mara yake ya kwanza.

*

Alikuwa amemwita mtu mmoja zaidi, naye alifika akihema, koti jeupe la kazini bado mwilini. Alikuwa daktari wa meno, mmoja wa wale wanaokuja na vitambaa Jumamosi, na ndiye aliyekuwa mshukiwa wa pili wa Bi Shaka tangu Jumapili. Sebuleni kwake kulikuwa na vibati thelathini na kimoja vya ndege za zamani, vimepigwa misumari ukutani pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Askari walikuwa wamevigeuza kimoja kimoja. Vyote vilikuwa na risiti. Mke wake aliwaambia wasijisumbue, kibati cha Bibi kingeingia nyumba ile angejua, kwa sababu mumewe angekibusu kabla ya kumsalimia yeye.

Ijumaa yote daktari huyo alikuwa mji mwingine akihutubia wenzake kuhusu fizi. Picha zilikuwepo, na watu mia mbili waliomsikiliza hadi usiku. Hata hivyo Bi Shaka hakuwa amemaliza naye.

"Vua viatu," daktari alimwambia kwenye mlango wa ndege. "Tafadhali. Hakuna anayepanda na viatu. Hata waziri alivua."

Walipanda kwa soksi. Nyuma ya kiti cha kushoto, kwenye bati lililofifia, palikuwa na mraba safi na matundu manne, moja kila pembe.

"Wewe una drili ndogo kuliko mtu yeyote mjini," Bi Shaka alisema. "Niambie huyu alitumia nini."

Daktari alivaa taa yake ya kichwani, akainama kama anayekagua jino la mwisho. Alipoongea, sauti ilikuwa imeshuka.

"Si drili yangu. Ni ya kawaida. Lakini mkono, afande! Ametoboa kichwa cha ribiti peke yake kikatoka kama kofia, halafu akasukuma mwili wake kwa nyuma. Matundu hayajapanuka hata unywele. Hakuna mkwaruzo."

"Vumbi la bati?"

"Amelifagia lote. Na hapa..."

"Hapa nini?"

"Hii kijani pembeni ya matundu. Unaiona? Ni rangi ya msingi. Bati la namna hii ukilitoboa linabaki uchi, na likibaki uchi linaanza kuliwa. Tunafundishwa hivyo siku ya kwanza. Ukitoboa, upake kabla saa moja haijaisha."

"Na mwizi akapaka."

"Akapaka." Daktari alivua taa kichwani. "Mwizi gani anafunga kidonda cha aliyemwibia?"

Bi Shaka aligusa kwa ncha ya kidole. Rangi ilikuwa imekauka vizuri. Mtu aliyeiba akiwa na hofu huchukua na kukimbia. Huyu alifungua kopo, akachanganya, akatafuta brashi ndogo, akapaka matundu manne, akaosha brashi.

"Nani alikufundisha hayo ya saa moja?"

"Fundi Ribiti. Ametufundisha sote, kila anayemgusa Bibi. Hata Mkurugenzi, zamani, kabla hajapata ofisi yenye zulia. Hata mlinzi. Zamu za mchana alikuwa anaombwa ashike hiki na kile."

Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kufutwa kwenye orodha. Bi Shaka alishuka, akavaa viatu, akatafuta stoo. Alikuwa na uhakika wa jambo moja tu. Kibati hakikutolewa na mtu wa mitaani aliyepewa vijisenti, kilitolewa na mkono uliozoea kazi, na mkono uliozoea hauwezi kuacha mazoea yake hata ukiwa unaiba. Sasa alitaka kujua mazoea mengine ya watu hawa.

*

Mtunza stoo alisimama alipomwona, kiganja kimoja mgongoni, macho yamevimba. Mke wa mlinzi, binti wa fundi. Bi Shaka alimtambua. Jana kutwa alikuwa amempita mara nne pale kwenye benchi la kituo.

"Kaa, mama. Sijaja kukukamata."

"Mmemkamata asiyeiba, kwa hiyo sijui mnachagua vipi."

"Ndiyo maana nimekuja. Nieleze stoo yako."

Binti alieleza kwa sauti kavu ya mtu anayejua kazi. Rafu tisa, zaidi ya vifaa mia nane, vyote vimewahi kutoka kwenye ndege na vingine vinasubiri kurudi. Mishikio, mabomba, vioo, kamba za chuma. Kila kimoja kilikuwa na kadi ya manjano imefungwa kwa uzi.

"Hakuna kinachotoka mwilini mwa Bibi bila kadi," alisema. "Ndiyo sheria ya baba. Ukitoa hata skrubu, unajaza. Kifaa gani, kimetoka wapi, tarehe, sahihi ya aliyekitoa na sahihi ya aliyeshuhudia."

"Kwa nini wawili?"

"Mmoja husahau."

"Kadi zinatoka wapi?"

"Kuna kitabu kimetundikwa msumarini karibu na mlango wa ndege. Zina namba. Unachana kadi, kishina kinabaki kitabuni nacho unakijaza. Jumatatu nakuja nacho hapa nahamishia kwenye daftari kubwa."

"Jana ilikuwa Jumatatu."

"Jana nilikuwa kwenu, afande. Kwenye benchi."

Bi Shaka alistahili hilo na alilimeza. "Kalete kitabu," alisema.

Walikifungua pamoja juu ya meza. Kishina cha 859 kilikuwa cha kitasa cha mlango. Cha 860 kilikuwa cha kipande cha bomba, Alhamisi, sahihi mbili. Cha 861 kilikuwa kitupu. Kadi ya 862 ilikuwa bado haijachanwa.

"Hii imekwenda wapi?"

Binti alisogeza kitabu karibu na dirisha. "Sijui. Mtu amechana akaacha kishina bila kujaza."

"Pengine aliiharibu."

"Iliyoharibika inapigwa mstari na kurudishwa hapahapa. Hatutupi." Akapekua mbele na nyuma, kidole kikienda haraka. "Haijawahi kutokea, afande. Hata mara moja. Kishina kitupu hakijawahi kuwepo."

Bi Shaka aliinua macho akazitazama rafu. Askari sita walikuwa wamepekua mji kwa siku tatu. Walichana godoro la mlinzi, walifunua sakafu ya jikoni kwake, waliwaamsha wauza vyuma chakavu wote na kuwatisha. Walikuwa wamemtafuta mwizi kule wanakokaa wezi.

"Nikuulize kitu," alisema. "Tuseme kibati kile kilitolewa kihalali, na kadi yake, ukaletewa wewe. Ungekiweka wapi?"

"Rafu ya tatu. Sanduku la chumba cha rubani."

Alijibu bila kufikiri, halafu akafikiri. Walitazamana. Binti ndiye aliyetangulia.

Sanduku lilikuwa zito na alikataa kusaidiwa. Alilitoa, akaanza kuhamisha vifaa juu ya meza kimoja kimoja, akisoma namba za kadi kwa sauti kama anayeita majina ya darasa. Mia tatu na kumi. Mia tano na sita. Mia saba na tisini. Chini kabisa palikuwa na kitu chembamba kilichofungwa kwa karatasi ya nta, na uzi, na kadi ya manjano.

"Mia nane sitini na moja," alisema.

Akafungua. Kibati kilikuwa safi, herufi zake zote zinasomeka, na ribiti nne zilizokatwa zimewekwa kwenye kimfuko kidogo pembeni yake. Binti alitoa sauti ndogo ya furaha, akakikumbatia kifuani. "Hakuiba! Umeona? Kipo! Hakikutoka hata nje ya jengo! Afande, umeona mwenyewe!"

"Nimeona. Soma kadi."

Akasoma. Kifaa, kibati cha namba. Kimetoka, nyuma ya kiti cha rubani kushoto. Tarehe, Ijumaa. Kisha akafika kwenye sahihi, na Bi Shaka aliona jinsi furaha ilivyomtoka.

"Hii ya aliyekitoa ni ya baba," alisema. Kidole kikashuka mstari mmoja. "Na hii..." Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa, kadi bado iko mbele ya macho. "Hii ni ya mume wangu."

*

Fundi Ribiti alikuwa amelala chali juu ya ubao, chini ya tumbo la Bibi, miguu tu inaonekana. Binti yake alifika kabla ya Bi Shaka, ingawa Bi Shaka alitembea haraka. Hakupiga kelele.

"Baba, toka huko."

Mzee alijivuta nje. Aliiona kadi mkononi mwake na hakuuliza imepatikana wapi.

"Ulijua yuko ndani?"

"Mwanangu..."

"Nimeuliza, ulijua yuko ndani? Jumamosi walimfunga pingu hapa hapa. Wewe ulikuwa umesimama pale kwenye ngazi."

"Ilikuwa mpaka Ijumaa tu," Fundi alisema. "Kibali kikiisha ningekwenda stoo nikakiona mwenyewe. Ningesema nilikitoa kukisafisha nikasahau, uzee. Wangecheka wakanisamehe."

"Mahakamani ni kesho."

"Kesho wangemsomea tu, halafu wamrudishe."

"Wamrudishe wapi, baba?"

Mzee akafuta mikono kwenye ovaroli.

Bi Shaka aliingilia kati, maana maelezo yalikuwa yanatoka bila kuandikwa na hilo lilimkera. "Alipokuwekea sahihi Ijumaa ulimwambia nini?"

"Kwamba nakwenda kukisafisha. Hakuwa na sababu ya kukataa. Jumamosi, mkaguzi alipopiga kelele, nilimvuta pembeni nikamwambia kweli. Nilimwomba siku chache. Akasema, 'Sawa, baba.'"

"Angesema nini kingine?" binti aliuliza. "Wewe ni baba mkwe wake. Angekwambia hapana kwa mdomo gani?"

"Miaka arobaini na moja nimemtunza huyu!" Sasa sauti ya mzee ilipanda, na mkono wake ukaenda kwenye bati. "Wanasema mkopo. Miaka ishirini! Akirudi, nani atakuwepo wa kumpokea? Kule watampaka rangi. Watamwekea kamba, watu wamtazame kwa mbali."

"Kadi, mzee," Bi Shaka alisema. Jambo hilo lilikuwa linamwasha. "Kwa nini ulijaza kadi? Ungekitia mfukoni, nisingekipata mpaka nastaafu."

Fundi alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali.

"Kingepotea," alisema.

Binti alicheka, na kicheko hicho hakikuwa kizuri kukisikia. "Bati likitobolewa unalipaka dawa kabla ya saa moja," alimwambia baba yake. "Mume wangu ana siku nne."

Fundi alianza kufungua vifungo vya ovaroli, polepole, toka juu.

Mkurugenzi alifika akikimbia, zulia la ofisini halikuwa limemzoesha mbio. Habari zilikuwa zimemtangulia kwa mdomo wa daktari wa meno.

"Kimepatikana! Ahsante Mungu. Ahsante, Inspekta. Nipe, mkaguzi yuko njiani." Akanyoosha mkono.

Bi Shaka alikiingiza kibati kwenye mfuko wa plastiki, akaingiza na kadi, akaufunga, akaandika tarehe na saa kwenye lebo.

"Ni kielelezo," alisema.

"Kielelezo cha nini? Kimepatikana!"

"Kuna mtu amekificha na kuwadanganya polisi siku nne. Umeniandikia barua mwenyewe kwamba ni mali ya taifa. Basi kesi ipo."

"Pigeni picha basi mnirudishie."

"Mkaguzi wako anakubali picha?"

Mkurugenzi aliurudisha mkono.

"Hakimu naye hakubali," Bi Shaka alisema.

"Sasa kitakaa kwenu mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe. Ya mwisho ilikuwa ya baiskeli. Ilichukua miezi kumi na minne."

"Lakini Ijumaa..." Mkurugenzi aligeuka kumtazama Bibi, kisha mfuko, kisha Bibi tena. Simu zake zote mbili zilikuwa zinaita. "Basi haiendi," alisema kwa sauti ya chini. "Mnaelewa? Ndege haiendi tena."

Bi Shaka alimwangalia Fundi Ribiti. Furaha ilimpanda mzee usoni, haikuwa na namna ya kufichika, ilimpanda mpaka macho yakamng'aa kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Ilidumu muda mfupi tu. Lakini binti yake alikuwa amesimama mbele yake, na aliiona yote.

Alikwenda stoo akachukua mkoba wake, akapita karibu yao, akatoka.

*

Kituoni makaratasi ya kumtoa mtu huchukua muda mrefu kuliko ya kumwingiza. Ilipofika saa tisa alasiri ndipo mlinzi alipoletwa kaunta, ndevu zimemwota, suruali ameishika kwa mkono kwa kukosa mkanda. Mke wake alikuwa nje mlangoni. Aliambiwa aingie, akasema atangoja hapohapo.

"Kosa lako ni kunyamaza," Bi Shaka alimwambia. "Utaripoti hapa kila Jumatatu mpaka niseme basi. Siku nyingine mtu akikwambia mshikie kitu, muulize ni kitu gani."

"Ndiyo, afande."

Askari wa kaunta alimrudishia mkanda, saa na kamba za viatu, akamsainisha. Kisha akasogeza daftari upande wa pili, ambako Fundi Ribiti alikuwa amekaa kwenye benchi, maelezo yake yameshaandikwa kurasa nne. Hakuwa ameomba mwanasheria. Swali pekee alilouliza njiani lilikuwa kama banda limefungwa madirisha, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika.

"Mkanda, mzee. Saa. Kamba za viatu."

Fundi akainama kufungua viatu, na alipoinuka mkwe wake alikuwa amesimama mbele yake. Mlinzi alikuwa amekwisha kujifunga mkanda. Alirekebisha kola ya shati iliyokuwa na siku nne, akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofundishwa na kama alivyofanya kila asubuhi tangu alipooa.

"Shikamoo, baba."

Fundi alikuwa ameshika kamba za viatu katika kila mkono. Jibu lake lilikuwa neno moja, na mtoto wa miaka mitatu analijua. Midomo yake ilicheza. Alitazama nje, ambako binti yake alikuwa ameupa mlango mgongo, kisha akatazama miguu ya mkwe wake. Mlinzi aliendelea kungoja, kichwa kimeinama vilevile.

"Mzee," askari wa kaunta alisema bila kuacha kuandika, "unasalimiwa."